Kabla hujanunua baiskeli ya mamilioni, andika daftari

Mbukwenyi!

Juzi kijana mmoja wa ofisini alinifuata mezani simu ikiwa mkononi. "Kaka, hii niichukue?" Ilikuwa picha ya baiskeli nyeusi tititi, fremu ya kaboni, gia 12 nyuma, na bei ambayo kwa hapa Dodoma ungepata bodaboda ukabakiwa na ya helmeti mbili. Nikamuuliza hiyo anayoendesha sasa ina tatizo gani. Akafikiri kidogo. "Haina tatizo, ila imezeeka." Nikamwambia basi asubiri. Akaondoka amenuna. Haya ninayoandika ndiyo ningemwambia kama angevuta kiti akakaa.

Nilihamia huku mwaka 2018, Serikali ikiwa inahamia Dodoma, wakati ule kila siku unaona fuso la mizigo ya mtumishi likitafuta nyumba. Nikapanga mtaa wa Kisasa, nikanunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, fremu ya chuma, laki mbili na nusu. Ilinifaa vizuri sana, na hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Kadiri nilivyozidi kuipenda ndivyo nilivyozidi kuangalia nyingine. Nikawa nalala nimeshika simu. Mwishoni mwa 2020 nikamtumia mtu wa Dar es Salaam milioni tatu, akaniletea baiskeli ya mashindano, kaboni, tairi za milimita 25. Nyepesi mno. Ukiinyanyua kwa kidole unacheka mwenyewe.

Kutoka kwangu mpaka barabara ya lami ni kama mita 600 za mchanga. Tairi ile ilizama kama kisu kwenye siagi. Nikawa naibeba begani mpaka lami, majirani wakinitazama: mtu mzima amevaa suruali ya kubana, amebeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Na tukija kwenye mbigili, wenyeji wa Dodoma hawahitaji maelezo. Kile kimbegu cha miiba kinatambaa pembeni ya kila njia, na kikikauka baada ya mvua kinakuwa misumari. Wiki moja ya Mei niliziba pancha nne. Siku ya nne nilikaa chini ya mgunga pale njia ya Hombolo, na huo mgunga nao una miiba yake, nikajiuliza hasa nilinunua nini.

Jibu lilikuwa jepesi. Nilinunua baiskeli ya barabara ninazoziangalia kwenye runinga mwezi wa saba, kwenye mbio za Tour de France, milima ya Ufaransa na lami yao laini. Barabara yangu haikuwa mle. Julai 2021 niliiuza kwa milioni moja na laki saba. Milioni moja na laki tatu zilizopotea mimi naziita ada. Mama watoto ana jina jingine, silisemi hapa.

Nikarudi kwa ile ya Japani, nimeinamisha kichwa. Nikaipeleka kwa fundi wangu wa mtaa wa Majengo, mzee ambaye ametengeneza baiskeli za Phoenix na Swala tangu sijazaliwa. Nikaanza kumlalamikia kwamba baiskeli imenishinda. Akaniuliza bila kuinua macho: "Imekushinda nini, mwanangu? Itaje." Sikuweza kuitaja. Nilikuwa na manung'uniko, sikuwa na orodha.

Hapo ndipo daftari lilipoanzia. Daftari la shule, la kurasa 48. Kila nikirudi safari naandika mstari mmoja: leo baiskeli imeninyima nini. Isiponinyima kitu, naandika "hakuna". Nilijipa mwaka mzima, kwa sababu Dodoma ina baiskeli mbili ndani ya mwaka mmoja. Kuna ya kiangazi, ya vumbi, mchanga na upepo. Halafu kuna ya kuanzia Desemba mpaka Aprili, ukikatiza kuelekea mbuga za Bahi kwenye mpunga, ule udongo unajaza kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Anayeamua Julai peke yake hajui Februari itamdai nini.

Mwaka ulipotimia nikakaa chini na kalamu nyekundu. Mistari mingi ilikuwa ya maumivu ya shingo na viganja kufa ganzi. Dawa yake haikuwa baiskeli mpya. Siti ilikuwa chini mno na usukani uko mbali. Kipimo cha haraka: kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Nikapandisha siti, fundi akabadilisha stemu, kile kipande kinachoshika usukani, nikapata fupi zaidi, elfu kumi na tano pamoja na ufundi. Mistari ikakoma.

Kundi la pili lilikuwa la gia kuruka nikikanyaga kwa nguvu. Niliamini mfumo mzima umechoka. Kumbe cheni imevutika. Hili ni jambo la rula ya shuleni: pingili za cheni zimetengenezwa kwa nusu inchi, kwa hiyo ukipima pini 24 kutoka ile ya mwanzo lazima upate inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, kama milimita moja na nusu, cheni imekwenda, ibadilishe kabla haijala meno ya nyuma. Yangu ilizidi mara mbili ya hapo. Na kosa lilikuwa langu, nilikuwa naipaka oili ya injini. Oili nzito ikikutana na vumbi la huku inageuka msasa.

Halafu kuna mistari ya Juni, Julai, Agosti na Septemba, karibu kila ukurasa: upepo. Upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki, na Mji wa Serikali Mtumba uko mashariki, kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Asubuhi unakupiga kifuani mpaka ofisini. Nimeona watu wakinunua magurudumu ya bei ya kiwanja kwa ajili ya jambo hili. Hakuna baiskeli inayoshinda upepo wa Mtumba. Unaamka mapema, basi.

Nilipofuta yote yaliyotibika kwa spana, yakabaki mambo mawili tu. La kwanza, mchanga. Fremu ile ilikuwa na nafasi ya tairi isiyozidi milimita 35, na kwa njia za Hombolo na Mvumi unahitaji zaidi ya 40. La pili, breki. Breki za kubana rimu zilinitosha mjini, lakini kwenye vilima vya Kondoa kuelekea Kolo, mvua ikinyesha, unabana na baiskeli inaendelea kwenda kana kwamba haijaambiwa kitu. Fremu ile haikuwa hata na mahali pa kufungia breki za diski.

Ukitaka kujua wakati wako umefika au la, mimi naangalia jambo moja: lile linaloninyima liko kwenye fremu, au kwenye kitu kinachofunguliwa na kubadilishwa? Tairi, siti, cheni, stemu, pedeli, hata magurudumu, vyote vinafunguliwa. Nafasi ya tairi, aina ya breki inayokubalika na saizi ya mwili wako ni mambo ya fremu, na fremu ndiyo baiskeli yenyewe. Kama madai yako yote yanatibika kwa fundi, bado hujafika. Na kama daftari lina safari sita tu kwa mwaka mzima, kinachokosekana si baiskeli.

Kuna mawili yasiyohitaji kusubiri hata wiki. Ufa kwenye fremu au kwenye foko (ule uma wa mbele unaoshika gurudumu), acha kuiendesha leo. Na saizi isiyo yako kabisa: ukisimama umeitagaa ule mtaimbo wa juu unakugusa pabaya, au imekubidi uvute nguzo ya siti kupita ule mstari wa mwisho uliochorwa juu yake. Hapo hakuna cha daftari.

Sasa bei na kalenda. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana majira ya baiskeli, wananunua wakitoka baridini na wanaacha baridi ikirudi. Kwa hiyo kuanzia Septemba mpaka Novemba maduka yao yanataka kuondoa mzigo wa mwaka unaoisha ili toleo jipya lipate nafasi. Mara nyingi tofauti ya toleo na toleo ni rangi. Kwetu miezi hiyo ndiyo mwisho wa kiangazi, ukiagiza Oktoba unaipokea karibu na mvua. Watu wanaona nuksi, mimi naona sawa: unapata muda wa kuijua mjini kabla ya safari ndefu za Mei.

Lakini zaidi ya majira, nilifundishwa na corona. Mwaka 2020 na 2021 dunia nzima iligombania baiskeli, bei zikapanda, vipuri vikaadimika, na mimi nikanunua ile ya kaboni humohumo kwenye moto. Maduka yakaagiza kupita kiasi, mizigo ikafika wakati watu wamesharudi kazini, na kufikia 2023 maghala yamejaa wanauza kwa punguzo kubwa. Mwaka huohuo Shimano, Wajapani wanaotengeneza gia na breki, walitoa GRX, seti yao ya baiskeli za njia za vumbi, yenye gia 12, ile ya gia 11 ikaonekana kuukuu ghafla. Mimi nikachukua baiskeli yenye hiyohiyo kuukuu, mpya ndani ya boksi, Oktoba 2023. Mchanga wa Kisasa haujaniuliza nina gia ngapi nyuma.

Fremu ya aluminiamu, foko ya kaboni, tairi za milimita 45. Kwa nini si kaboni tena? Kaboni ikipigwa inaweza kupasuka ndani usione nje, na hapa sina mtu wa kunichunguzia. Pamoja na nauli na kodi (usisahau VAT ya 18%, nayo inahesabiwa juu ya nauli pia) ikafika milioni nne na laki mbili. Sikukopa. SACCOS yetu ingenipa fedha siku hiyohiyo, lakini ile milioni na laki saba ya kaboni niliifanya mbegu, na kuanzia Mei 2022 nikawa naongeza laki na nusu kila mwezi. Miezi ile ilinisaidia kuliko akiba yenyewe. Mara mbili nilipata hamu ya baiskeli nyingine, na mara mbili hamu ilikwisha kabla fedha haijatosha.

Juu ya hiyo bei nilitenga laki tano za spea, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukiwa na Phoenix, spea iko kila kona. Ukiwa na baiskeli ya namna hii, Dodoma nzima huna. Hata majina yanadanganya: niliwahi kwenda dukani kutafuta tairi ya ile ya Japani, nikauziwa "namba 28" ya Phoenix, nikahangaika nayo saa nzima inapwaya. Ile ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635, yangu ni 622. Muuzaji aligoma kurudisha fedha. Tangu siku hiyo nasoma namba ndogo ubavuni mwa tairi.

Kwa hiyo niliagiza pamoja na baiskeli: cheni mbili, pedi za breki jozi nne, na vipande viwili vya kile kichuma kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde ili fremu isipinde, na fremu nyingi zina chake zenyewe, hukipati dukani. Breki za Shimano za mafuta zinatumia mafuta ya madini, nikaagiza chupa. Breki nyingi za SRAM, washindani wa Shimano, zinatumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari, na DOT 4 unaipata kwenye duka lolote la spea za magari. Ningekuwa nachagua upya, hilo ningelipa uzito zaidi. Usithubutu kuchanganya, kila moja inaharibu mipira ya mwenzake. Tairi zangu hazina tyubu, ndani kuna yale maji mazito yanayoziba tundu yenyewe. Mbigili zinaingia, zinapuliza kidogo, zinanyamaza. Ila kwa ukavu wa huku yanakauka upesi, kiangazi naongeza kila baada ya miezi miwili, siku ya mshahara ili nisisahau.

Niliipeleka kwa mzee wa Majengo kabla sijaiendesha popote. Akaizunguka, akagusa diski, akabonyeza breki mara tatu. Kisha akauliza, "Ile ya Japani umeiuza?" Nikamwambia ipo, naenda nayo sokoni Sabasaba. Akaridhika, akaendelea na kiraka chake.

Daftari bado naandika. Mstari wa Jumamosi iliyopita unasema: Kolo, mvua ya ghafla, breki sawa, mchanga sawa. Kurudi, upepo.