Je, kuichunguza kampuni inayotaka leseni yangu ya madini ni dhana mbaya?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu huku Chunya. Kuna kampuni inataka kulikodi eneo kwa miaka mitatu, au nikitaka wanunue moja kwa moja. Msimamizi wao ni ndugu yetu, anaswali safu ya mbele. Niliposema nataka kwanza niwaulizie, akanijibu kwamba Qur'ani imekataza dhana na kupekuana. Wameshaniachia milioni mbili za kishika uchumba. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Aya aliyokusomea ni ya 12 katika Suratul Hujurat. Angerudi nyuma aya sita tu angekuta Allah anaamrisha habari ya mtu asiyeaminika ichunguzwe. Kilichokatazwa ni kufukua aibu za watu majumbani mwao. Kampuni inayotaka mali yako haina faragha ya namna hiyo: nenda BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, uone wakurugenzi ni akina nani, kisha kwa Afisa Madini Mkazi uulize kama wanajulikana.

Hiyo swala ya safu ya mbele isikutoshe. Imepokewa kwamba mtu alimsifia mwenzake mbele ya Umar bin Khattab (r.a.). Umar akamuuliza: ni jirani yako? Umesafiri naye? Mmewahi kuuziana kwa dinari na dirhamu? Yote akajibu hapana. Umar akamwambia, basi labda ulimwona tu msikitini akiinama na kuinuka, humjui.

Watafute wenye leseni waliofanya nao kazi kabla yako, nao wasiogope kwamba wanasengenya. Fatima bint Qays (r.a.) alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w.) juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume alimweleza wazi kwamba mmoja ni fukara na mwingine fimbo haimtoki begani, yaani ni mpigaji wa wanawake.

Kuhusu kuuza: Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Kwa sheria ya Tanzania dhahabu iliyo chini ni mali ya umma. Wewe una haki ya kuchimba kwa muda wa leseni. Hiyo ndiyo unayoweza kuihamisha, na lazima ipitie Tume ya Madini. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania peke yao. Wakikuambia jina libaki lako kwenye karatasi na mwenye mali awe mgeni aliye nyuma ya pazia, huo ni udanganyifu, usiingie.

Ukodishaji ndio wenye mitego zaidi. Rafi bin Khadij (r.a.) amesimulia kwamba watu wa Madina walikodisha mashamba kwa sharti mwenye ardhi achukue kitakachoota kandokando ya mifereji. Mara huku kukaharibika kule kukasalimika, mara kinyume chake, na Mtume (s.a.w.) akalikataza. Kodi inayojulikana na kudhaminiwa haina ubaya. Sasa usome mkataba wao kwa jicho hilo. Wakiandika kwamba mgao wako ni wa dhahabu itakayotoka karashani (mashine ya kusagia mawe) na marudio (mchanga unaobaki baada ya kusaga na kuosha) ni yao, ni mfereji uleule wa Madina: huenda karashani ukaambulia chembe, na dhahabu yenyewe ikaenda na marudio kwenye sayanaidi, kemikali inayoitoa dhahabu iliyobaki mchangani. Wakiandika "baada ya kutoa gharama zote", zitajwe moja moja. Dizeli na baruti sawa, gari la bosi je? Na daftari anashika nani? Kodi ya fedha taslimu kila mwezi, au asilimia ya dhahabu yote pamoja na ya marudio, zote zinafaa. Yaandikwe na kushuhudiwa, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 282. Na wakianza kukudai wewe pesa za kupima sampuli au za usajili, achana nao.

Zile milioni mbili usizitumie. Maadamu hamjafunga mkataba, zichukulie kama amana; ukikataa, zirudishe zote mbele ya mashahidi na uandikiwe risiti. Wallahu aalam.