Goti likiuma, anza na siti

Tazama wanaoingia Dodoma mjini kwa baiskeli asubuhi: magoti yanapanda karibu na kifua. Siti iko chini mno. Wengi huizamisha ili wakisimama miguu yote miwili ikanyage ardhi, halafu maumivu yakija wanalaumu kilima. Goti lililokunjwa sana huku linasukuma uzito huumia kwa mbele, kwenye pia ya goti.

Kupima unahitaji ukuta tu. Panda, shika ukuta kwa mkono mmoja, weka kisigino juu ya pedeli na uizungushe kinyumenyume mpaka ifike chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulalia upande. Kisha kanyaga kwa sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole, na goti litabaki na mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35. Pima ukiwa umevaa viatu vya kila siku, maana soli ya katambuga na ya kandambili si unene mmoja, na goti huihisi hata sentimita 1.

Anayependa namba apime urefu wa mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye kinena, azidishe kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unatoa 70.6: huo ndio umbali kutoka katikati ya ekseli kubwa, ile ya kwenye fremu inayoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya siti. Ni mahali pa kuanzia tu. Mwili wako ndio unaamua. Nyonga zikicheza kushoto na kulia, au goti likiuma kwa nyuma, umepandisha kupita kiasi. Badilisha nusu sentimita, endesha siku mbili tatu, ndipo uguse tena.

Nati ya siti mara nyingi ni spana 13 au 14. Spana iliyolegea itaila pembe, kwa hiyo hakikisha imekaa barabara. Vumbi la huku likikutana na kutu, bomba la siti hugoma. Usilipige nyundo. Tia oili, liache usiku kucha, kisha zungusha siti huku unavuta. Likitoka, lifute na ulipake grisi. Usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba. Ukivuka, fremu hupasuka shingoni, na kulehemu hapo ni kubahatisha.

Siti ilale sawa. Pua ikiinama, uzito wote unaenda viganjani na vidole vinakufa ganzi. Ikiinuka, kinena ndicho kinachoumia.

Miguu nayo usiilazimishe kutazama mbele. Kaa juu ya meza, iache ining'inie, uone vidole vinaelekea wapi. Ikae hivyohivyo kwenye pedeli. Kuigeuza kwa nguvu kunalisokota goti kila mzunguko.

Usukani uwe kimo kimoja na siti. Anayekwenda Chamwino mwezi wa 7, upepo ukiwa usoni, anaweza kuushusha sentimita 2, mgongo ukikubali.

Mbeba maji ni habari nyingine. Madumu mawili ya lita 20 kwenye keria ni kilo 40, na baiskeli ikiyumba lazima mguu ufike chini haraka. Shusha siti sentimita 2 au 3 kwa safari hiyo. Kabla ya kushusha, chora mstari wa rangi kwenye bomba, ili ukishamaliza kushusha maji uirudishe palepale.