Kabla Hujairusha Ndege Yako Kwenda Oshkosh, Jifunze Kwanza Kuifunga

Jumapili usiku kijana mmoja wa Sengerema aliniandikia: "Shikamoo mama fundi. Nimesikia ulifika Oshkosh kwa ndege ya kutengeneza nyumbani. Mimi nimemaliza mkia, sasa naanza bawa la kulia. Naomba siri za kufika kule na kulala kambini."

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nimeona nisikujibu peke yako, kwa sababu najua mko wengi mnaolala na kuamka na ndoto hii hii, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Kwa wachache wasiojua: Oshkosh ni mji wa Wisconsin, Marekani, kando ya Ziwa Winnebago. Kila mwisho wa Julai chama cha EAA, yaani chama cha Marekani cha watu wanaojitengenezea ndege, kilichoanzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953, hukutanisha pale watu wanaopenda ndege, hasa waliojitengenezea wenyewe. Mkutano umekuwa ukifanyika Oshkosh tangu 1970. Kwa wiki ile moja ndege zaidi ya 10,000 hushuka pale na kwenye viwanja vya jirani, na maelfu ya watu hupiga mahema pembeni ya ndege zao, chini ya bawa kabisa. Mimi nimelala pale. Binti wa mvuvi wa kisiwa cha Ukara, fundi wa mashine za boti hapa Kirumba, Mwanza, nimelala chini ya bawa nililoligonga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyounganisha mabati, kwa mkono wangu.

Ndege ni ya mjomba wangu, mdogo wake mama, anayeishi Minnesota. Alinunua vipande vya RV-9A, ndege ya viti viwili yenye bawa la chini, akaijenga gereji kwa miaka. Sheria ya kule inataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mtu kwa kujifunza au kujiburudisha, siyo kiwandani. Aliniita nikamsaidie kwa sababu ribiti nyingi za ndege hazigongwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa nje na nyundo ya upepo, mwingine anaingiza mkono ndani ya mkia na kushikilia chuma kizito nyuma ya ribiti. Huoni kitu. Unasikia tu. Mwanzoni mlio ni mkavu, kama bati la paa likigongwa na embe, halafu unashuka, unakuwa mnene, na hapo ujue ribiti imekaa. Ukichelewa kupiga kelele "basi!", imeshapondeka na itabidi itobolewe upya. Mkono wangu ni mwembamba, uliingia mahali ambapo mjomba hakuweza kufika. Usukani wa mkia, kile kipande cha wima kinachogeuza pua kushoto na kulia, niliugonga wote mimi. Bati lake halifiki hata nusu milimita. Kumbukeni usukani huo, nitaurudia.

Mwaka wa kwanza hatukwenda. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu nilikuwa nimeshawaaga watu. Kanisani walinichangia, wanawake wa Mwaloni walinipa dagaa nipeleke. Ndege ilikuwa imesharuka, inapendeza, lakini sheria ilitaka imalize saa 40 za majaribio bila abiria na bila kutoka nje ya eneo iliyopangiwa. Julai ilifika ikiwa na saa 29. Mjomba alikuwa ameniambia tangu Februari, "Njoo, tutawahi." Hatukuwahi. Niliutazama mkutano kwenye simu nikiwa sebuleni kwake, nikarudi Mwanza, na pale Kirumba kila mtu aliyeniona aliuliza, "Vipi ndege?" Swali hilo nililijibu miezi kumi na miwili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usipange tarehe kabla ndege haijamaliza saa zake. Usimwambie mtu. Usipange tarehe.

Mambo ya viza na nauli nayaruka, kila mtu ana yake.

Mwaka wa pili tuliondoka Minnesota alfajiri. Ni kama maili 200 za angani, saa moja na nusu hivi, mashamba ya mahindi na mito chini. Utamu na hofu vinaanzia kwenye mji mdogo uitwao Ripon. Hapo ndege zote zinajipanga mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine kwa nafasi ya nusu maili, noti 90, kama kilomita 167 kwa saa, kwenye kimo cha futi 1,800 kutoka usawa wa bahari. Nilimwambia mjomba, kwa kimo hiki Mwanza tungekuwa chini ya maji, maana uso wa ziwa letu uko mita 1,134, zaidi ya futi 3,700. Unafuata reli. Reli ya treni kabisa, mpaka kijiji cha Fisk, ambako waongoza ndege wamekaa kilimani na darubini. Rubani hasemi kitu redioni. Wao ndio wanakuita kwa umbo na rangi: ndege nyeupe ya bawa la chini, tikisa mabawa. Unatikisa. Tukasikia, "Vizuri sana," tukapewa njia ya kutulia namba 27 na kuambiwa tutue kwenye doti ya kijani, maana njia moja imechorwa madoti ya rangi na ndege kadhaa zinatua humo kwa wakati mmoja, kila moja kwenye doti yake. Mjomba alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye vidole. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia ndege ya mbele na kusema "iko pale pale" au "inakaribia." Nilisema "iko pale pale" labda mara arobaini.

Haya yote yameandikwa kwenye notisi inayotolewa kila mwaka kabla ya mkutano. Isomeni yote. Isomeni tena usiku wa kuamkia safari, na muwe na ya mwaka huo, siyo ya mwaka jana. Kioo cha mbele mnabandika karatasi yenye herufi HBC, ili vijana wa kwenye nyasi wajue ninyi ni wa kambi ya ndege za kujitengenezea, wawaelekeze safu yenu.

Sasa nifike kwenye kamba.

Siku ya pili nilikwenda ghuba ya Ziwa Winnebago ambako zinafungwa ndege za majini. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kutazama ndege yoyote ya kivita. Zilikuwa zimetulia majini kama mitumbwi ya Ukara jioni, kila moja imeachiwa nafasi ya kugeuza pua kuelekea upepo. Wenye ndege zile wanajua maji. Nikamkumbuka baba, ambaye hakuwahi kulala kabla ya kurudi ufukweni mara ya pili kuvuta kamba ya mtumbwi wake kwa mguu. Nikarudi kambini nikatazama ndege yetu: vigingi vitatu vya kuzungusha ardhini kama skurubu, vya dukani, vyembamba, vile ambavyo mtu angemfungia mbwa.

Fikirini. RV-9A tupu ina kilo 480 hivi, na bawa lake linaanza kuinua ndege nzima kwenye noti 45 au chini ya hapo. Bawa halijui kwamba wewe umelala hemani. Upepo wa noti 50 ukilipiga kwa mbele, linafanya kazi uliyolijengea. Na mvua ikinyesha, udongo unalainika, kigingi cha skurubu kinatoka kama karoti.

Nilikwenda mjini nikanunua vipande sita vya nondo, futi mbili kila kimoja, na kamba ya nailoni. Nikaanza bawa la kulia: nondo mbili kwa mshazari, zimelala upande wa kukimbia bawa, kamba kwenda nje, fundo la baba. Mjomba akatoka kwenye maongezi yake akaniona na nyundo. Akasema mbele ya majirani, "Acha, mama. Hii siyo mtumbwi. Utatuaibisha." Wakacheka. Niliacha. Nilikuwa mgeni, na yeye ni mjomba wangu, ndege ni yake. Nondo nne zilizobaki niliziweka chini ya godoro langu.

Dhoruba ilikuja saa nane usiku. Upepo kwanza, ule wa baridi unaotangulia mvua, wavuvi wote wa ziwa letu wanaujua. Halafu hema likanilalia usoni. Nikasikia kigingi cha kushoto kikitoka, mlio mdogo, tpu, na cha mkia kikafuata. Ndege ikaanza kuzunguka gizani. Ilizungukia bawa la kulia. Lile la nondo zangu. Mjomba alining'inia kwenye bawa la kushoto kwa uzito wake wote, mimi nikakumbatia mkia, tukalowa hivyo dakika ambazo siwezi kuzihesabu. Kulipokucha bawa la kulia lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha, fundo limekaza mpaka nililifungua kwa bisibisi. Lakini mkia ulipozunguka ulikuwa umegonga kona ya sanduku la chuma la jirani. Usukani wangu ulibonyea, upana wa kiganja, na ribiti tatu zilikuwa zimefumuka. Niliweka kiganja changu pale. Kiliingia.

Mjomba hajawahi kusema neno. Akisimulia anasema, "Tulipata upepo mbaya." Ni mtu aliyenisomesha, namheshimu, na akisoma hapa asome: upepo ulikuwa wa kawaida, vigingi ndivyo vilikuwa vibaya.

Vijana wa kanda ya ziwa, nisikilizeni. Sisi tunadhani kwenda kwenye mambo makubwa ni kuacha ya nyumbani. Tunaona aibu. Mimi niliona aibu nikaacha kazi katikati, na kosa hilo ni langu, siyo la mjomba. Ulichofundishwa na mvuvi kuhusu upepo ni elimu kamili. Kifunge chombo chako. Funga mabawa yote mawili na mkia, kamba isilegee. Nailoni ikilowa hunyooka, kwa hiyo rudi uikaze. Katani ikilowa husinyaa, usiikaze ikiwa kavu ukalala. Zungusha mkanda wa kiti kwenye usukani wa mkononi, na usukani wa mkia uufungie kibao pande zote mbili, visipigepige. Kisha funga tena. Atakayecheka acha acheke.

Na wewe wa Sengerema, nina maneno mawili zaidi. Watu wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, nenda ukawaone sasa, kabla hujaziba hilo bawa, wakitaka kutazama ndani waone kila ribiti. Na injini yako usiipime kwa maneno ya video za Marekani. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za kimo, kwa hiyo hapa kwetu ukiwa bado chini unasubiri zamu ya kuruka, kama sehemu ya kumi imeshapotea.

Jumamosi nipo karakanani Kirumba kuanzia saa mbili asubuhi. Vuka na panton ya Kamanga au pita darajani, njoo na picha za mkia wako, na ulete kamba ya nailoni ya milimita 10, mita 12. Nondo ninazo, zile nne nilirudi nazo.