Risasi za kujazwa kwa mkono zinazogoma kwenye chemba ya .375: mwambie mgeni aanze na mdomo wa ganda

Kamwene mkuu. Kwa wanaoingia sasa: huyu ndugu yetu wa Mafinga yuko kambi ya uwindaji upande wa Rungwa. Mgeni wao wa Afrika Kusini anarudi Julai na .375 H&H yake (bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa), risasi kajaza mwenyewe huko kwao. Msimu uliopita boksi moja liligawanyika: risasi nyingine bolti (kitasa kinachoifungia risasi ndani ya chemba, nyuma ya mtutu) ilifunga kwa kidole, nyingine mpaka aisukume kwa kiganja. Za kiwandani ziliingia zote. Mgeni anasema maganda aliyapitisha yote kwenye dai (kalibu ya chuma) ya kuyarudishia umbo, na kabla ya kujaza alijaribu machache yakiwa matupu, yakaingia vizuri. Sasa anataka kujua kosa liko wapi kabla hajafunga mizigo.

Mimi ni fundi mashine hapa Mbeya, na misimu mingi nimepanda ile barabara ya Chunya na Makongolosi kwenda kuhudumia magari ya kambi na, ikibidi, bunduki za wageni. Risasi sijazi. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea, kwa hiyo kazi hiyo abaki nayo mgeni, kwao, kwa vibali vya kwao. Ila risasi ikigoma kambini anayeitwa ni mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na urefu, na ganda lililokwaruzwa ukiliangalia vizuri linakuonyesha lilipobanwa.

Maelezo yako yameshawaondoa washukiwa kadhaa. Kama za kiwandani zinaingia, chemba haina uchafu wala kutu ya maana. Kama matupu yaliingia, bega la ganda, pale linapoanza kusinyaa kuelekea shingo, lilirudishwa nyuma kiasi cha kutosha, angalau kwa yale aliyoyajaribu. Kumbe tatizo linazaliwa baada ya dai ya kwanza, wakati wa kupachika kichwa (ile sehemu inayoruka) au kubana mdomo wa ganda ili ukishike kichwa. Na kwa kuwa ni baadhi tu ndizo zinagoma, tafuta kitu ambacho hakilingani kutoka ganda moja hadi jingine. Mimi naweka dau langu kwenye urefu wa maganda.

Iko hivi. Ganda likifyatuliwa na kurudishwa umbo mara kadhaa, shaba yake inasogea mbele na shingo inarefuka. Hayarefuki sawasawa. Kwenye .375 H&H urefu wa ganda usizidi milimita 72.39, na wajazaji wengi huyakata yote yafike 72.14 au hapo karibu. Mgeni wako nahisi aliona yote yako chini ya kikomo, akayaacha yalivyo. Halafu dai ya kupachikia akaifunga kwa kutumia ganda fupi, ikabana mdomo vizuri. Lilipokuja ganda refu, mdomo wake ukafika mapema kwenye ukingo wa kubania ulio ndani ya dai, ilhali mkono wa presi (mashine ya kujazia) bado unashuka. Mdomo hauna pa kwenda tena, kwa hiyo nguvu yote inashukia kwenye bega, na bega linavimba kwa nje kama kopo la maziwa lililokanyagwa kutoka juu. Bega la .375 lina mteremko mpole, nyuzi 15 tu, ndiyo maana halina ubavu wa kuhimili kusukumwa hivyo.

Uvimbe huo kwa macho huwezi kuuona. Kwa kalipa unauona. Mwambie achukue risasi iliyogoma, apime unene pale pale chini ya kona ya bega, kisha apime ganda tupu lililotoka kwenye dai mahali hapo hapo. Kipimo cha kawaida ni karibu milimita 11.4. Hata sehemu ndogo ya kumi ya milimita ikizidi inatosha kuifanya bolti ikatae, maana chemba haina nafasi ya kugawa. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hahitaji kuingiza risasi yenye baruti kwenye bunduki.

Akitaka kuhakikisha zaidi, atengeneze risasi ya bandia kwa hatua zile zile, bila fataki (kile kidonge cha kuwasha baruti) na bila baruti, kwa kutumia ganda refu kuliko yote aliyonayo. Aipake wino wa peni ya maka kuanzia kichwa mpaka kwenye mkanda (ile pete nene iliyo kwenye kitako cha ganda), au aifukize masizi ya mshumaa kama tulivyokuwa tunafanya sisi, aiingize taratibu, aitoe, aangalie wino umefutika wapi. Ukifutika kama pete kwenye kona ya bega, ni hilo nililolisema. Ukifutika kwenye ncha ya mdomo, ganda ni refu kupita kiasi, na hilo ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu mdomo uliobanwa na chemba haufunguki kukiachia kichwa na presha inapanda ghafla. Kichwa kikiwa na mistari midogo iliyoachana sawasawa, kimegusa mifereji ya mtutu, yaani kimepachikwa mbele mno. Hili la mwisho kwenye .375 silitilii mashaka sana kwa kuwa koo la mtutu, ile nafasi kabla ya mifereji, huwa refu, ila aangalie kama alichanganya vichwa laini na vichwa vigumu kwa kipimo kimoja. Kichwa kigumu cha nyati mara nyingi ni kinene hadi karibu na ncha, kwa hiyo risasi mbili zenye urefu sawa wa milimita 91.44 zinaweza kukutana na mifereji mahali tofauti.

Kuna mshukiwa mmoja ambaye sijamfuta kabisa, na ni lile neno lako "machache". Kama kwenye yale ambayo hakuyajaribu kuna maganda yaliyofyatuliwa kwenye bunduki nyingine, huwa yanabaki na uvimbe mbele kidogo ya mkanda, mahali ambapo dai nyingi za kawaida hazifiki. Hapo wino utafutika chini kabisa, mbali na bega. Dawa ni kuyatenga, yasitumike kwenye bunduki hii.

Dawa ya bega lililovimba ni rahisi. Akate maganda yote yawe na urefu mmoja, asafishe mdomo ndani na nje, dai ya kupachikia ailegeze apachike vichwa vyote kwanza, kisha abane midomo kwa hatua ya pili peke yake, mdomo ukiangukia kwenye mfuo wa kichwa, ule mtaro mdogo unaokizunguka. Asiache kubana kwa kuogopa tatizo hili. Teke la .375 linatikisa risasi zilizobaki kwenye magazini, na kichwa kisichoshikwa kinaweza kuzama ndani ya ganda.

Zile zilizogoma azivunje kwa kifaa cha kuvutia vichwa. Asizirudishe kwenye dai ya kwanza zikiwa na baruti. Ile pini ya kung'olea fataki iko mle ndani. Najua wapo wanaoing'oa pini wakazipitisha hivyo hivyo, lakini mimi sioni sababu ya kucheza na fataki kwa ajili ya boksi moja. Isitoshe mashirika ya ndege yanaruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, na risasi moja ya .375 yenye kichwa cha gramu 19 ina uzito wa karibu gramu 40. Nafasi hiyo asiijaze na zenye mashaka.

Na ninyi kambini msikubali mtu asukume bolti kwa kiganja tena. Niliwahi kuona kambi moja mgeni alilazimisha ikafunga, akabadili mawazo, akavuta. Ganda likatoka peke yake, kichwa kikabaki kooni, baruti ikamwagika mpaka kwenye magazini. Angeingiza ya pili nyuma yake na kufyatua, mtutu ungepasuka karibu na uso wake. Ikitokea hivyo, magazini inatolewa risasi zote, bunduki inawekwa pembeni, kichwa kinasukumwa kutokea mbele kwa fimbo ya kusafishia baada ya baruti kukung'utwa yote.

Jambo moja msilichanganye na hili: bolti kuwa ngumu kufunguka baada ya kufyatua. Hiyo mara nyingi ni presha, na joto la Rungwa mwezi wa kumi si la mahali alipojazia. Akilalamikia hilo, mada inahamia kwenye kiasi cha baruti, na aache kufyatua boksi hilo.

Akishapima, niandikie urefu wa ganda fupi na refu, na unene chini ya bega kwa iliyoingia na iliyogoma. Urefu ukitofautiana na unene usitofautiane, nitakuwa nimekosea mshukiwa na tutarudi kwenye mkanda.