Jibu: Mvumaji wa Costa anaishije kwenye vichaka vikavu?

Mdau, umeuliza mvumaji wa Costa, ndege mdogo anayetegemea maji ya maua, anaponaje kwenye vichaka vya pwani ya California ambako mvua huadimika miezi mingi. Ni swali zuri sana.

Siri yake kubwa ni kuhama kwa wakati. Mwishoni mwa majira ya baridi huzaliana jangwani maua yanapochanua. Joto likipanda, wengi huelekea vichaka vya pwani, California Kusini na Baja California (rasi ya Mexico), kufuata maua mengine. Maji mengi huyapata kwenye nekta, yaani yale maji matamu ya maua, na wadudu wadogo humpa protini.

Usiku wa baridi ndipo anaponishangaza. Ana uzito wa gramu 3 hivi, akiba yake ni ndogo mno, basi huuacha mwili upoe na moyo upunguze kasi: kutoka mapigo 500 hadi 900 kwa dakika, hushuka mpaka karibu 50. Asubuhi hujipasha moto tena na kuruka.

Dume mtazame koo. Kivulini ni jeusi tu. Akigeuka kwenye jua, zambarau inawaka hadi kwenye ncha za manyoya yanayoning'inia pembeni kama masharubu. Akimtongoza jike hupiga mbizi kutoka juu, na mluzi mwembamba unaousikia unatoka kwenye manyoya ya mkia.

Umeuliza pia kama chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua bustanini kwako, ni ndugu yake: hawana undugu wa karibu. Wavumaji wanapatikana mabara ya Amerika pekee.