Joto la bahari na mvua ya Bukavu: majibu kwa wasomaji

Toka Walungu, karibu na Bukavu, mpaka baharini ni zaidi ya kilomita elfu moja. Maharagwe yangu yanaihusu nini bahari?

Yanaihusu, mama, hasa ya sezoni A, ile ya kupanda Septemba. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wa Afrika na kupoa upande wa Sumatra, hewa yenye unyevu hupanda zaidi upande wetu. Mwaka 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, na mafuriko yakaipiga Afrika Mashariki. Kivu tunaguswa kidogo kuliko pwani, maana unyevu mwingine hutoka bonde la Kongo.

Kompyuta inatabiri vipi mvua ya msimu?

Modeli, yaani mfano wa hesabu, ya hewa na ya bahari huendeshwa pamoja. Hewa hupeleka upepo na mvua, bahari hurudisha joto la uso wake, na hesabu husonga hivyo mpaka miezi ijayo. Vipimo vya kuanzia vinatoka, kati ya vingine, kwenye maboya ya Argo, karibu 4,000, yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila siku 10. Kosa dogo la mwanzo hukua, ndiyo maana SEAS5, modeli ya msimu ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hewa, iliyoanza 2017, huendeshwa mara 51, kila mara mwanzo ukibadilishwa kidogo.

Inapokosea? Kwanza, modeli huteleza kuelekea joto lake yenyewe. Kwa hiyo huendeshwa pia kwa miaka iliyopita: ikionekana kila Oktoba inazidisha nusu digrii, nusu hiyo inatolewa. Pili, na hili halina dawa rahisi, modeli hugawa dunia vipande, na kipande kimoja ni kama kilomita 36 kwa upana. Mlima Kahuzi, mita 3,308, unakuwa kama umepigwa pasi.

Ramani ya utabiri wa msimu inaandika 45, 35, 20. Mvua itakuwa kubwa?

Si lazima. Ni asilimia za mvua kuzidi kawaida, kuwa ya kawaida, au kupungua. Bila habari yoyote kila moja ingekuwa 33. Kwa 45, safisha mifereji, lakini usihamishe shamba lote bondeni.

Mbona haikuonya kuhusu mafuriko ya Kalehe, Mei 2023?

Ramani ya msimu haijui usiku mmoja wala mto mmoja. Hapo unahitaji utabiri wa siku moja mpaka tatu.

Niamini utabiri wa mwezi gani?

Wa mwisho wa Agosti, kwa sezoni A: joto la Bahari ya Hindi huanza kujipanga Juni na kufikia kilele Septemba hadi Novemba. Utabiri wa El Niño (joto la Bahari ya Pasifiki) unaotolewa Machi au Aprili ni dhaifu. Mvua ya Machi hadi Mei nayo haifuati bahari vizuri, basi sezoni B, ile ya mvua hiyo, gawa mbegu, uzipande kwa awamu mbili.