Umepangiwa chuo badala ya kidato cha tano? Soma hii kabla hujalia

"Shikamoo mjomba. Nimepangiwa chuo."

Alisema kama mtu anayeleta taarifa ya msiba. Orodha ya TAMISEMI, wizara inayowapangia waliomaliza kidato cha nne shule na vyuo, ilikuwa imetoka asubuhi ile. Mpwa wangu, aliyesoma umeme miaka minne kwenye sekondari ya ufundi, kapelekwa Chuo cha Ufundi Arusha, stashahada ya uhandisi umeme. Binti wa jirani yao kapata kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Nyuma ya simu nikamsikia dada yangu akiuliza kama hakuna mtu tunayemfahamu wa "kumbadilishia".

Nikamwitikia marahaba, nikamwambia hujafeli, kaa chini nikusimulie yangu.

Nilimaliza kidato cha nne 2006, shule ya ufundi vilevile, umeme vilevile. Mimi nilipangiwa kidato cha tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Baba alinunua kreti mbili za soda, mtaa mzima ukanywa. Shule niliyopelekwa ilikuwa mbali na nyumbani, na kwa sehemu kubwa ya kidato cha tano haikuwa na mwalimu wa Hisabati za juu. Tulisoma kwa notsi za kudurufu zilizofifia hata ukashindwa kujua kama ile ni 3 au 8. Nikatoka na divisheni ya nne. Oktoba 2009 nilikuwa kwenye foleni ya usajili wa chuo cha ufundi, mkononi nimeshika cheti kilekile cha kidato cha nne ambacho kingeniingiza hapo tangu mwanzo. Waliokuwa mbele yangu kwenye foleni walikuwa kidato cha pili wakati mimi namaliza sekondari. (Sijawahi kumwambia baba habari ya zile soda. Alikuwa na furaha mno.)

Wiki ya kwanza karakana, mwalimu alitupa ubao, waya, swichi mbili na taa moja, ile taa ya ngazini unayoiwasha chini na kuizima juu. Waliotoka shule za kawaida walikuwa bado wanauliza waya upi ni upi, mimi nimeshamaliza, naomba kazi nyingine. Mwalimu akanifanya msaidizi wake. Lakini nilianza NTA 4, yaani ngazi ya kwanza ya stashahada, kama wao, sikusamehewa hata somo moja. Mikono ilikuwa mbele, karatasi ziko nyuma. Na mfumo wetu unahesabu karatasi. Ndiyo maana nawaambia vijana wa ufundi: ujuzi mnao, sasa jifunzeni kila mlango unadai karatasi gani, na msisubiri kufika mlangoni ndipo muulize.

Tuanze na hesabu ambayo wazazi wengi hawaipigi. Kidato cha tano na sita ni miaka 2, shahada ya uhandisi miaka 4, jumla 6. Stashahada ni miaka 3, yaani NTA 4, 5 na 6, kisha shahada miaka 4, jumla 7. Kwa hiyo njia ya kidato cha sita ni fupi kwa mwaka mmoja, na sitakudanganya kwamba siyo. Mtoto mkali wa Hisabati, aliyepangiwa shule yenye walimu, aende. Ila tazama mtu akikwama katikati. Aliyekwama kidato cha sita ana cheti ambacho mwajiri hajui akifanyie nini. Aliyeishia stashahada ni fundi sanifu, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inasajili mafundi sanifu pia, siyo wahandisi peke yao. Mwaka mmoja wa ziada ndiyo bei ya kutokwama mikono mitupu. Mimi naiona ndogo.

Sasa shimo lenyewe, ambalo nimeona wenzangu wakitumbukia. Ili utoke stashahada uingie shahada, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inataka GPA (wastani wa alama zako za chuo) isiyopungua 3.0. Nilikuwa na mwenzangu wa chumba, fundi hasa, mtu wa kufungua mota na kuisuka upya usiku mmoja. Alimaliza na 2.8. Alikuwa anasema "mimi ni mtu wa vitendo, nadharia ni kwa wenye suti," akawa anakula sapu (mitihani ya marudio) za Hisabati kila muhula huku anacheka. Siku alipotaka kusonga mbele, ile 2.8 ikamkatalia. Leo ni fundi mzuri sana na analipwa vizuri, ila kila mhandisi kijana anapoletwa kumsimamia, uso unambadilika. Hakuna aliyemwambia mwaka wa kwanza kwamba namba hiyo ipo. Basi nakuambia wewe: 3.0. Iandike ukutani.

Halafu kuna cheti cha kidato cha nne. Watu wanadhani ukishapata stashahada unaweza kukisahau sandukuni. Kinakufuata mpaka kwenye dirisha la vyuo vikuu, ambako bado wanaangalia kama una angalau D katika masomo manne. Hata stashahada za uhandisi zenyewe, vyuo aghalabu vinataka Hisabati na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi viwe miongoni mwa ulivyofaulu. Kwa hiyo wewe uliye kidato cha pili unayesema Hisabati haikuhusu kwa kuwa wewe ni wa ujenzi, ramani utachora kwa nini? Kwa hisia?

Na zile selform, fomu za kuchagua tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano) na kozi za vyuo. Zinajazwa shuleni kabla ya mtihani, na nimekuta vijana waliojaziana kwa kunakili kama wanavyonakili zoezi. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi na kozi. Hapo ndipo mzazi akae na mtoto wake, wafungue mfumo pamoja, wasome kozi moja moja. Kumtafuta mtu wa "kumbadilishia" baada ya orodha kutoka ni kuchelewa, na ni njia ya kuliwa hela na matapeli.

Mafunzo kwa vitendo, yale tunayoita fildi, ningeweza kuyaandikia makala nzima. Wengi hutafuta ofisi yenye jina kubwa na kiyoyozi, wanakaa wiki zote wakitoa fotokopi, halafu wanajaza kitabu cha kumbukumbu kwa kubuni. Mwaka wa pili nilikwenda kwa mkandarasi mdogo wa umeme Kariakoo, ofisi yake ngazi ya tatu, meza moja, watu wanne. Pale ndipo nilipojua kwamba fomu ya kuomba umeme TANESCO inatakiwa ipite kwa mkandarasi mwenye leseni, agonge muhuri wake kwamba nyaya za nyumba ziko salama. Nikajua leseni hiyo inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ina madaraja, na daraja unalopata linategemea elimu yako na uzoefu wako. Ghafla nikaelewa kwa nini nasoma. Fundi wa mtaani asiye na leseni anafunga nyaya nyumba nzima, kisha anakwenda kumlipa mwingine kwa ajili ya muhuri. Nikasema huyo sitakuwa mimi.

Ada nayo. Zamani mikopo ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, ilikuwa ya vyuo vikuu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele nao wanaomba. Soma mwongozo wa mwaka wako, siyo wa kaka yako.

Kama alama hazikutosha kwa stashahada, kuna VETA, vyuo vya ufundi stadi, na mwenye NVA (cheti chao) daraja la 3 pamoja na cheti chake cha kidato cha nne ana njia ya kupanda kwenda NTA 4. Ni ndefu. Nawajua waliopita.

Wazazi wenye watoto kwenye mkondo wa amali, ule wa sekondari unaofundisha ufundi, ulioanza kidato cha kwanza 2024, ninyi nawaomba jambo moja tu: nendeni shuleni mkaulize mtoto atatoka na vyeti vingapi, vinatolewa na nani, na fani anayosoma ina karakana inayofanya kazi au ina chumba chenye kufuli. Msiulize kwa ukali. Ila ombeni mfunguliwe mkaone.

Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mjomba, sasa nibebe nini?" Nikamtajia: kikokotozi cha sayansi, vifaa vya kuchorea, ovaroli, buti za usalama, multimita hata ya bei ndogo. Dada alikuwa ameshanunua ndoo mbili na fyekeo, maandalizi ya kidato cha tano. Ndoo zimekwenda Arusha. Fyekeo lipo nyuma ya mlango, nikienda Jumapili ananipa nikafyeke uani.